Boga Kinyozi Aulizwa Hali

Pumwani, Nairobi
14 Januari 1995

Shangazi yangu Mishi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kibarazani na ukili wa mkeka wako mkononi, miguu haikuumi na moyo umetulia. Mimi huku ni mzima, baridi tu ndiyo inayonifundisha adabu. Baba yu hali gani? Bado anaanguka? Nisalimie Mzee Mbwana, na umwambie rafiki ya baba ni baba.

Shangazi, nimepata kazi. Si ile ya dukani niliyokuandikia mwaka jana. Sasa mimi ni karani katika ofisi ya daktari mmoja wa kike, Mdachi, aliyekuja kutafuta watu wenye ugonjwa kama wa baba. Ndiyo, ugonjwa una jina, wala si pepo wala si kulogwa. Wanauita Huntington, kwa jina la daktari aliyeuandika zamani. Mwili unacheza bila mwenyewe kutaka, ulimi unakuwa mzito, kisha akili nayo inaanza kuchoka. Dawa ya kuuondoa hakuna. Uko katika damu. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu, aupate au aepuke. Babu alikuwa nao, ule wazimu wake mliompigia ngoma. Wewe umevuka hamsini na bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, basi shukuru. Mimi nina thelathini na moja na mikono yangu imetulia. Nimeitazama.

Kazi ya daktari huyu ni kupima, lakini hapimi joto wala damu. Anapima maisha yenyewe: mgonjwa anakula kwa raha, analala, ana wa kuzungumza naye, anaona haya, anajiona mzigo. Majibu yanageuzwa namba. Sufuri ni maisha mabaya kabisa, mia ni mazuri yasiyo na doa. Nilicheka nilipoambiwa. Ila sikiliza faida yake. Ana dawa ya kutuliza mwili, na ana viti vichache vilivyoletwa kutoka kwao, vyenye magodoro na mikanda, mtu akikaa haanguki. Na yupo muuguzi wa kuja nyumbani kila wiki. Havitoshi wagonjwa wote, kwa hiyo watakaopewa ni wale ambao maisha yao yamepimwa yakaonekana mabaya zaidi.

Baba atakuwa wa mwanzo, sina shaka. Nimekwisha kumwandikisha. Ramadhani ikiisha atakuja mama mmoja na karatasi za maswali. Maswali nimeyatafsiri mimi mwenyewe. Mpokee vizuri.

Mwanao,
Matano


Shika Adabu, Likoni
20 Machi 1995

Mwanangu Matano,

Marahaba, tena marahaba. Mungu akukuze uzidi kuniamkia. Sisi tumefunga salama, Idi tumeila, na sasa ni Mfungo Mosi, wenye nguvu wanafunga zile sita za sunna. Babako hajambo, alhamdulillahi, na mimi hali kadhalika. Nairobi ikikufundisha adabu ni vyema, maana sisi huku tulishindwa.

Mgeni wako amekuja na amepokewa, usiwe na wasiwasi. Nilipika mahamri na mbaazi. Babako nilimwosha, nikamvika kanzu ya Idi, nikamketisha kwenye kile kiti chake cha kinyozi pale mlangoni. Mbwana alikaa ubavuni amshike bega asirukeruke. Kikombe kimoja tu ndicho kilichovunjika. Mama mwenyewe ni mtu wa bara, Kiswahili chake cha mbio, lakini ana heshima zake. Alivua viatu bila kuambiwa.

Akaanza: "Hali yako ikoje wiki hii, mzee wangu?" Nikajua papo hapo maswali ni yako, maana ni mtoto wa Shika Adabu pekee atakayeanza kwa salamu. Babako ulimi mzito, lakini hilo alilijibu wazi, "Njema, alhamdulillahi." Akaulizwa analala vipi. "Namshukuru Mungu." Anakula? "Riziki ipo." Anajiona mzigo kwa wenzake? Hapo akanitazama mimi, nikamjibia: mzigo gani, huyu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Anaona haya mbele za watu? Mbwana akacheka akasema, watu gani, sisi? Mwisho yule mama akauliza kama anaridhika na maisha yake. Mkono wa babako ukaruka ukamwangusha Mbwana kofia, lakini alijibu kama mtu mzima: "Nitamnung'unikia nani?"

Yote yameandikwa. Mama wa maswali ameondoka na mahamri mkobani, na hakuna hata jibu moja lililotutia aibu. Haya, hicho kiti kinakuja lini?

Shangazi yako,
Mishi binti Ruwa


Pumwani, Nairobi
18 Aprili 1995

Shangazi,

Shikamoo. Naomba Mungu akuzidishie afya, wewe na baba. Mimi sijambo. Mahamri yako nimeyaonja kwa masikio, yule mama hana jingine la kusimulia ofisini.

Baba amepata tisini na moja.

Katika wagonjwa wote waliopimwa nchi hii hakuna aliyemkaribia. Nadhani hata daktari mwenyewe, akiulizwa, hafiki tisini. Amefurahi mno. Amechora mstari ubaoni na baba yuko juu peke yake. Anasema ataandika makala kuhusu watu wa pwani, jinsi imani inavyowapa maisha mema ndani ya ugonjwa. Nikamwambia pana kosa, huyu ni babangu, namjua. Akasema namba imetoka kinywani mwa mgonjwa, na kwamba labda mwana ndiye mwenye huzuni, si mzee.

Kiti hapati. Dawa hapati. Muuguzi anakwenda Mikindani kwa bwana mmoja aliyepata ishirini na mbili. Bwana yule anatembea kwa miguu yake, Shangazi, anakwenda dukani mwenyewe. Tofauti yake na baba ni kwamba alipoulizwa, alisema.

Nimekasirika na sitaki kukuficha. Nilikuandikia kwamba wanaopewa ni wale wenye maisha mabaya. Uliisoma barua, ukaifahamu. Kisha ukamvika kanzu ya Idi.

Niandikie mimi basi. Baba anaishi vipi?

Mwanao,
Matano


Shika Adabu, Likoni
6 Mei 1995

Mwanangu Matano,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nimeliandika hilo kwa makusudi, uchukie ukitaka.

Barua yako ni ya karani kwa karani mwenzake. Sikiliza nikuambie. Mamangu alikuwa na donda la ziwa lililomla mpaka mbavuni, na kila asubuhi jirani akipita, "Hujambo?" naye, "Sijambo." Alikufa hivyo. Uongo haukuwa. Mtu akikuuliza hali hajakuomba umfungulie nguo. Anakuuliza kama bado umo katika watu, nawe unamjibu kwamba umo. Na babako hana kilichobaki ila hicho. Wembe umemtoka. Mamako ameshaolewa kwao Tiwi, simlaumu. Watoto wa njiani wanamwita mlevi, mtu ambaye hajaonja hata tembo la mnazi. Tangu ule msiba wa feri pale Mtongwe mwaka jana, huku kila nyumba ina lake, hakuna wa kumshangaa mgonjwa mmoja. Lakini mtu akipita akasema, "Hujambo, Boga?" naye akasema, "Sijambo," basi pale ni mtu kama wewe. Ulitaka amwambie nini mgeni aliyemwona siku ile ile?

Hata hivyo umeniuliza, na wewe ni damu yake. Nitakuambia mara moja tu.

Haja yake haijui tena. Namfunga winda la kanga kuukuu kama mtoto, na nikimfunga hufumba macho. Mimi ni dadake, Matano, haikufaa nikaona niliyoyaona. Chakula kinampalia. Nampondea wali na mchuzi uwe uji, bado anakohoa mpaka anageuka rangi. Amekonda, kwa kuwa mwili unaokwenda mbio kutwa unajila wenyewe. Analala chini, kitandani anaruka. Mwezi wa Rajabu aliniuma mkono nikimlisha, na usidhani ni ule mwili usiotulia uliouma. Aliuma yeye, kwa hasira. Ana hasira siku hizi ambazo si zake, na zikimtoka hulia. Mara mbili ameniomba jambo ambalo Muislamu haombi. Nilimwambia astaghfirullah, roho ni ya Mwenyezi Mungu, nikaenda uani nikaketi kwenye kinu.

Na lipo jingine, ambalo karatasi yako haikuuliza. Kila Ijumaa asubuhi Mbwana huja kunyolewa. Mbwana yule yule aliyekatwa sikio siku mkono wa babako ulipoanza. Huketi mkekani mbele ya kiti, akavua kofia, akainamisha kichwa. Babako hushika mpini wa wembe, wembe wenyewe nimeutoa, na ule mkono unaoruka huenda juu ya kichwa cha mwenziwe ukiparuza na kugonga, siku nyingine unampiga konde hasa. Mbwana hasogei. Hupiga soga za wakati ule wakiwa vijana. Wakimaliza hujipapasa kichwa akasema, "Ahsante, leo umenitengeneza," akavaa kofia, akapitia kwa kinyozi wa sokoni kabla ya sala. Babako anajua? Mimi naona anajua. Siku hiyo hula vizuri.

Hiyo utaipa namba ngapi?

Barua hii ukishaisoma ichome.

Shangazi yako,
Mishi


Pumwani, Nairobi
25 Mei 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa maneno yangu ya mwezi uliopita. Nakuombea Mungu akuzidishie nguvu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua nimeichoma. Niliisoma kazini, nikaenda kujifungia chooni, nikakaa huko mpaka watu wakaanza kubisha. Sikujua. Nilijua anaanguka, nilijua ulimi. Hayo mengine hukuwahi kuniandikia, kila barua "babako hajambo", nami nikaamini kwa kuwa kuamini ni rahisi.

Ile Ijumaa ya Mzee Mbwana sina namba yake. Lakini fikiri nami. Mtu akifa kwa kupaliwa hamnyoi mtu tena. Kiti kitamkalisha sawa chakula kishuke, dawa itapunguza ile mbio inayomla. Nataka awe na Ijumaa nyingine nyingi. Sina njia ya kumpatia ila hii, nami nimeketi juu ya dawa yenyewe, naiona kabatini kila siku nikifungua ofisi.

Nimezungumza na mama wa maswali. Kwa mgonjwa ambaye ulimi ni mzito, sheria yao inaruhusu aulizwe anayemuuguza badala yake. Atakuja mwezi wa sita. Nimemwomba akuulize wewe peke yako, chumba cha ndani, baba asiwepo. Mwambie uliyoniambia mimi. Usimpikie kitu, usimvike mtu kanzu. Sema tu.

Nakuangukia miguuni.

Mwanao,
Matano


Shika Adabu, Likoni
2 Septemba 1995

Mwanangu Matano,

Marahaba. Nimezipokea barua zako zote tatu za kuuliza mbona kimya. Mimi nipo. Kiti kimekuja, dawa imekuja, muuguzi huja kila Jumatatu na ni mtu mwema. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila kukulaumu, na sikuipata.

Mama wa maswali alikuja. Babako nikamwacha chumba cha mbele, yeye nikampeleka chumba cha ndani kama ulivyotaka, nikafunga mlango. Nikamwambia yote. Winda, kung'atwa, na lile aliloniomba. Yalipoanza kutoka hayakusimama, maana niliyabeba peke yangu muda mrefu na yule mama anajua kusikiliza. Nikamwambia zipo siku namwombea kifo, aondoke yeye nipumzike mimi. Alipouliza kama ni mzigo nilisema ndiyo, ni mzigo, nimechoka, mgongo umekwisha.

Matano, wewe umezaliwa nyumba hii. Kuta zake zinafika wapi? Zinakomea kwenye mtambaapanya, juu ni makuti matupu. Mtu akipiga chafya chumba cha nyuma, wa mbele humwombea rehema. Umekua humo, umesikia humo ugomvi wote wa wazazi wako. Ukaniandikia chumba cha ndani, baba asiwepo. Na mimi ninayelala humo kila siku nikafunga mlango nikadhani nimefunga.

Nilipotoka nilimkuta macho wazi. Alinitazama, akageuza uso ukutani.

Nasikia mara hii alipata kumi na nne. Kiti ni kikubwa, hakikupita mlangoni. Watu wa gari waling'oa fremu, wakakiingiza, wakairudisha wakaipigilia misumari, na sasa hakitoki. Amefungwa mikanda humo ndani na kweli haanguki. Dawa imemtuliza amekuwa kama gunia la nazi. Kile kiti cha kinyozi kimebaki nje, kuku wanalala juu yake.

Ijumaa ya kwanza Mbwana alikuja, akaketi chini, akavua kofia, akainamisha kichwa. Babako hakuushika mpini. Nilimtilia mkononi, akauachia ukaanguka. Mbwana alingoja vile vile ameinama mpaka ikaadhiniwa. Ijumaa ya pili ikawa hivyo. Ya tatu hakuingia ndani, aliniita uani akaniambia, "Mishi, tusimlazimishe mtu."

Sasa akipita mtu dirishani akasema, "Hujambo, Boga?" hajibu. Muuguzi anasema ulimi umepata afadhali kwa ile dawa, kusema anaweza.

Shangazi yako,
Mishi


Pumwani, Nairobi
30 Septemba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa maneno gani siku hizi. Nisamehe mwandiko pia, kalamu za ofisini ni mbovu.

Namba ya tatu imetoka, ile aliyoichukua muuguzi kwenu. Arobaini na sita. Haanguki, hapaliwi sana, analala. Daktari anasema hajaona mgonjwa aliyepanda namna hiyo, na jina la baba, yaani herufi za mwanzo tu za jina lake, litasomwa katika mkutano wao Ulaya. Wenzangu walinipa mkono wa pongezi. Nikaupokea, ningefanyaje.

Nilimwendea daktari nikamwambia liongezwe swali moja: watu wakikusalimia, unawajibu? Alinisikiliza vizuri tu. Akasema maswali yakishaanza kutumika hayabadilishwi mpaka kazi iishe, ama sivyo namba za mwanzo na za mwisho hazitalingana. Nami ni karani wa namba, najua anasema kweli.

Mwite fundi abomoe mlango, Shangazi. Mtoeni nje, hata na hicho kiti. Mwambie baba ni mimi niliyekushurutisha. Likizo yangu ni Desemba, nitakuja nimwambie mwenyewe.

Mwanao,
Matano


Shika Adabu, Likoni
11 Desemba 1995

Matano,

Babako tumemzika Ijumaa. Asubuhi tulipiga simu ofisini kwenu kutoka dukani kwa Katana, tukaambiwa umetumwa Nakuru. Maiti haikungoja. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea.

Mlango tuliubomoa kama ulivyosema na nje tulimtoa. Ujumbe wako nilimpa. Watu walikuja kumwamkia, wengine kutoka mbali, akawatazama. Alikuwa ameacha kula. Muuguzi alisema ni koo, ni ugonjwa umefika huko. Mimi ndiye niliyekuwa na kijiko. Alikuwa anafumba kinywa.

Alhamisi jioni Mbwana alichuchumaa mbele yake, akamwambia kama zamani, "Hujambo, Boga?" Nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta. Babako alijibu, wazi kabisa: "Muulize Mishi."

Hakusema tena.

Jumamosi alikuja mama wa maswali kuchukua namba ya nne, hakuwa na habari. Nikamkaribisha, nikampa kahawa. Akauliza, mgonjwa wetu hali yake ikoje? Nikasema, njema, alhamdulillahi. Ulimi ulijiendea wenyewe. Kisha nikamwambia.

Njoo arubaini.

Shangazi yako


Shika Adabu, Likoni
28 Januari 1996

Mwanangu Matano,

Assalamu alaikum. Nataraji treni ilikufikisha salama na umeianza Ramadhani vizuri. Mimi nafuturu na Mbwana na jamaa zake, wamekataa nifuturu peke yangu. Hitima ilipendeza, na wazee wamekusifu kwa ulivyosoma. Kuhusu babako tulikwisha kusameheana pale kaburini, sirudi huko.

Nina jambo la kukuuliza, na mara hii sitaki unijibu kama ulivyolelewa.

Siku ya hitima ulikaa mkekani na wanaume, mimi nilikuwa uani, mlango wazi. Niliutazama mguu wako wa kulia. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, ukaukalia mguu. Kikombe ulikipokea kwa mikono miwili. Babako alianza kupokea hivyo mwaka ule kabla hajamkata Mbwana. Na mwandiko wa barua yako ya Septemba nilidhani kweli ni kalamu.

Sina karatasi, nakuuliza kwa kinywa changu. Umeanguka? Unadondosha vitu? Humkasirikia mtu kisha usijue kwa nini? Usingizi unao? Huko Pumwani una mtu wa kuzungumza naye? Unaona haya? Unaogopa kuwa mzigo? Nijibu moja moja. Mimi si mgeni, na barua haina makuti juu yake.

Mwanangu, naogopa. Nimelea mmoja mpaka mwisho na nilimkosea. Nataka kujua mapema, nisikosee tena.

Shangazi yako,
Mishi


Shika Adabu, Likoni
15 Juni 1996

Matano mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, mvua za mwaka zimekuwa nyingi, makuti yanavuja upande wa jikoni.

Hukunijibu. Nikasema labda ni Ramadhani, nikasema labda ni posta. Juzi Katana alinipigia simu ofisini kwenu. Wamesema uliacha kazi tangu Machi. Aliyepokea aliongeza kwamba siku za mwisho ulikuwa unakuja kazini umelewa. Katana aliona haya kuniambia hilo. Mimi nililia palepale dukani, kwenye magunia ya sukari, maana najua tembo hujawahi kulionja.

Nakuandikia kwa anwani ile ile ya nyumba, sina nyingine. Usijibu maswali yangu kama hutaki. Nipe neno lolote.

Shangazi yako


Pumwani, Nairobi
21 Oktoba 1996

Shangazi yangu Mishi,

Shikamoo. Natumai miguu haikuumi, na kwamba umepata mtu wa kukuezekea upande wa jikoni.

Barua zako zote mbili ninazo. Maswali yako nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Nilikaa kuyajibu moja moja kama ulivyotaka, zaidi ya mara moja, na karatasi ikaharibika. Hii ananiandikia jirani yangu Kafedha, mtu wa Malindi, mimi nasema na yeye anaandika. Ni dada mwema, ananifulia na kunipikia uji wala hataki shukrani. Basi fahamu kwamba hapa chumbani tuko watu wawili.

Hali yangu ni njema, alhamdulillahi. Usingizi upo. Riziki ipo. Nitamnung'unikia nani?

Kafedha amenikatia tikiti ya treni ya Jumatano na atanisindikiza mpaka kwenye behewa. Kile kiti kikubwa, kama daktari hajakichukua, mpelekeeni. Cha kinyozi kifukuzie kuku, ukipanguse, ukiweke pale pale mlangoni.

Na mpini wa baba utafute ulipouweka. Mwambie Mzee Mbwana nitafika kabla ya Ijumaa, asinyoe.

Mwanao,
Matano